Namungo ni ya nani?

Mkoa wa Lindi una timu moja ya Ligi Kuu, nayo haichezi pwani. Makao ya Namungo FC ni Ruangwa, bara, zaidi ya kilomita mia moja kutoka Lindi mjini na zaidi ya mia mbili kutoka Kilwa Masoko. Hata hivyo timu ikifungwa, lawama hazibaki Ruangwa. Utazisikia sokoni Lindi, Nangurukuru panaposimama mabasi ya Dar es Salaam, hadi kwenye vibanda umiza vya Kivinje. Ni lawama ambazo kila mtu ameshazizoea: kocha hajui kupanga kikosi, usajili umefanywa dakika za mwisho, viongozi wamekaa kimya. Baada ya muda kocha anaondoka, anatambulishwa mwingine, mashabiki wanatulia kwa mechi kadhaa, kisha maneno yaleyale yanarudi.

Hasira hizi zina haki, ila zinabisha hodi kwenye mlango usio wake. Zinamwangukia kocha kwa sababu ndiye anayeonekana na ndiye anayefukuzika. Kinachoiyumbisha Namungo kiko juu ya benchi la ufundi. Timu ilisimama kwa mgongo wa mlezi mmoja mkubwa, na katika ujenzi huo shabiki hakutengewa mahali pa kuuliza wala pa kujibiwa. Sasa mlezi huyo hana tena cheo alichokuwa nacho, na swali la mwenye timu, ambalo kwa miaka mingi halikuwa na haraka, limefika mezani.

Kilele kilichowahi

Namungo iliingia Ligi Kuu msimu wa 2019/20. Timu iliyochukua jina la kijiji cha Ruangwa, ikijiita Wauaji wa Kusini, ilimaliza msimu wake wa kwanza ikiwa nafasi ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Fainali ilichezwa tarehe 2 Agosti 2020 katika Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, upande wa pili kabisa wa nchi, na Simba wakashinda 2-1. Kwa kuwa Simba walikuwa pia mabingwa wa ligi, nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaangukia Ruangwa.

Safari ile bado inasimuliwa. Namungo iliwapita Al Rabita ya Sudan Kusini na Hilal Obayed ya Sudan, kisha ikapangiwa 1º de Agosto ya Angola. Mechi ya Luanda haikuchezwa, baada ya mvutano juu ya vipimo vya Uviko-19 vya wachezaji wa Namungo, na CAF ikaamua michezo yote miwili ipigwe Dar es Salaam. Pale Chamazi Namungo ilishinda 6-2, ikafungwa 3-1 katika marudiano, ikapita kwa jumla ya mabao 7-5. Hatua ya makundi ndiyo iliyoonyesha urefu wa ngazi yenyewe: mbele ya Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, Namungo ilipoteza mechi zote sita.

Pamoja na vipigo hivyo, mwaka ule uliacha kipimo. Mtu aliyeiona timu ya wilaya yake ikicheza na Raja katika msimu wake wa pili tu wa Ligi Kuu hawezi kuridhika tena na nafasi ya katikati ya msimamo. Miaka iliyofuata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ilikwenda kwa wengine wa mikoani: Geita Gold mwaka 2022, Singida mwaka 2023, Coastal Union mwaka 2024. Namungo ilibaki inatazama.

Haki itendeke hapa. Msimu uleule Namungo ilipong'ara, timu nne zilishuka daraja moja kwa moja: Ndanda ya Mtwara, Lipuli ya Iringa, Alliance ya Mwanza na Singida United. Ndanda ndiyo iliyokuwa timu ya kusini kabla ya Namungo, na mpaka leo Mtwara haijarudisha heshima ile. Geita Gold nao walishuka mwaka 2024, miaka miwili baada ya kuiwakilisha nchi. Namungo imeendelea kuwamo. Anayesema timu imekufa anazidisha. Inachougua ni kudumaa: haishuki, haipandi, na kila msimu inaanza upya kana kwamba haijawahi kucheza ligi.

Makocha saba, misimu sita

Hitimana Thierry ndiye aliyeipeleka timu Sumbawanga, na hakuwepo tena msimu uliofuata ulipofika hatua ya makundi. Akaja Hemed Suleiman, maarufu Morocco. Baada yake akaja Honour Janza kutoka Zambia, kisha Denis Kitambi, kisha Cedric Kaze kutoka Burundi, kisha Kitambi tena, kisha Mwinyi Zahera, na mwaka 2024 Juma Mgunda. Ni majina saba katika misimu sita, na mmoja wao aliitwa mara mbili.

Lau watu hawa wangekuwa hawajui kazi, mjadala ungeishia hapo. Janza aliwahi kuifundisha timu ya taifa ya Zambia na baadaye Taifa Stars. Zahera na Kaze walikuwa wamekaa kwenye benchi la Yanga. Mgunda alikuwa ameibeba Simba katika vipindi vigumu. Na Morocco, baada ya Namungo, aliiongoza Taifa Stars kufuzu AFCON 2025, tiketi iliyothibitishwa kwa ushindi wa 1-0 dhidi ya Guinea jijini Dar es Salaam Novemba 2024. Mtu aliyeivusha nchi nzima hawezi kuwa ndiye aliyekosa maarifa ya kuivusha Ruangwa.

Utaratibu wa bandika bandua unajulikana kwa yeyote anayefuatilia ligi yetu. Kocha mpya anakuta wachezaji waliosajiliwa na mwenzake au na kamati, anaomba wake, anaambiwa asubiri dirisha dogo. Dirisha dogo likifika, ama fedha hazipo ama yeye mwenyewe hayupo. Mchezaji mzuri mwenye mkataba mfupi anachukuliwa na timu yenye mfuko mkubwa zaidi. Kocha anayeondoka anaacha kikosi nusu chake nusu cha mwingine, na wakati mwingine anaacha deni. Klabu kadhaa nchini zimewahi kufungiwa usajili na FIFA kwa madai ya makocha na wachezaji walioachwa bila kulipwa. Kumtimua kocha kunaonekana dawa ya bei nafuu, lakini gharama yake hutokea msimu unaofuata, wakati ambao shabiki ameshasahau ilianzia wapi.

Viongozi nao wanajua hivyo, na hapo ndipo kocha anapogeuka kinga. Akifukuzwa, presha inashuka kwa wiki kadhaa bila mtu yeyote kueleza nani alisajili, kwa fedha kiasi gani na kwa mpango upi.

Mlezi na mipaka yake

Kupanda kwa Namungo hakuwezi kuelezwa bila Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa tangu 2010 hadi 2025 na Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015 hadi Novemba 2025. Alikuwa mlezi wa timu, na uwanja wa nyumbani wa Namungo una jina lake. Mwalimu kwa taaluma na mtu wa michezo, aliufanya mpira uwe sehemu ya sura ya Ruangwa mpya. Wilaya iliyojulikana zaidi kwa korosho na ufuta ilianza kutajwa kila wiki kwenye televisheni, na wafanyabiashara na wadhamini walijua ni nani angefurahi wakichangia.

Faida hiyo tusiibeze. Bila mlezi wa aina ile, timu ya wilaya ndogo isingelipa mishahara ya Ligi Kuu kwa viingilio vya Ruangwa peke yake. Ila kila msaada una namna unavyomfunga anayesaidiwa. Timu ikishakuwa fadhila, kuhoji matumizi yake kunaonekana utovu wa adabu. Kiongozi wa klabu anajiona anawajibika kwa mlezi kwanza, na akiridhika mlezi, kazi imekwisha. Shabiki anabaki na nafasi mbili tu, kushangilia au kulalamika.

Tumeshaona mahali pengine hadithi ya namna hii inavyoweza kuishia. Singida United ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18 ikihusishwa sana na mwanasiasa wa huko, Mwigulu Nchemba. Ikasajili kwa kishindo, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2018 na kufungwa na Mtibwa Sugar 3-2, na mwaka 2020 ikashuka. Mji wa Singida haukukosa mpira baada ya hapo, lakini ulipata timu kwa njia nyingine: leseni na majina yalihama. Singida Big Stars ikageuka Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 Fountain Gate ikaenda Babati, na Ihefu ya Mbarali ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Shabiki wa Mbarali aliyeishangilia Ihefu miaka yote hakuwa na hati ya kuizuia.

Waingereza walilipitia hilo mapema. Wimbledon FC iliporuhusiwa kuhamia Milton Keynes, mashabiki wake waliunda AFC Wimbledon mwaka 2002 wakaanza daraja za chini kabisa, wakiwa wenye timu wenyewe. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini na migogoro mingi hadi Bunge la Uingereza likapitisha, mwaka 2025, sheria ya kuunda msimamizi huru wa soka. Wajerumani walitumia njia fupi zaidi: tangu 1998 kanuni yao inataka wanachama wabaki na kura nyingi katika klabu. Sisi nasi tunayo hesabu ya asilimia 51 kwa wanachama na 49 kwa wawekezaji, iliyotungwa kwa ajili ya klabu za wanachama kama Simba na Yanga. Timu ya aina ya Namungo, iliyokua kwa mlezi na wadau, inapita pembeni ya mjadala huo wote.

Majaliwa hakugombea tena ubunge mwaka 2025, na Novemba mwaka huo uwaziri mkuu ulikabidhiwa Mwigulu Nchemba. Upendo wa mtu kwa timu ya kwao hauishi siku anapokabidhi ofisi. Kinachopungua ni ule uzito uliowafanya wengine wachangie.

Shabiki wa damu mbili

Shabiki naye ana maswali ya kujibu. Kilwa, kama pwani yote, iligawanyika zamani kati ya Simba na Yanga. Mvuvi wa Somanga au mkulima wa mwani wa Songo Songo akikuambia "timu yangu", mara nyingi haimaanishi Namungo. Namungo ni timu ya mkoa, Simba au Yanga ni timu ya moyo. Ndiyo maana hasira kubwa zaidi ambazo vijiwe vya Kilwa vimeziona miaka ya karibuni zilitoka Dar es Salaam: Simba kufungwa 5-1 na Yanga tarehe 5 Novemba 2023. Siku mbili baadaye kocha Robertinho aliondoka. Akaja Abdelhak Benchikha, naye hakufika mwisho wa msimu. Simba ikamaliza ya tatu, na Juni 2024 wajumbe wa bodi wa upande wa mwekezaji wakajiuzulu na Mohammed Dewji akarudi kuwa mwenyekiti wa bodi.

Mfululizo huo unafundisha mambo mawili. Kwanza, kelele za shabiki wa Simba hatimaye zilivuka benchi la ufundi zikafika kwenye bodi, kwa sababu klabu ina wanachama, ina matawi, ina mikutano, na ina magazeti yanayoishi kwa habari zake. Pili, hata pale uwazi haukuja wenyewe. Wanachama walikubali mabadiliko ya umiliki Desemba 2017, pamoja na shilingi bilioni 20 za mwekezaji, na mjadala wa utekelezaji wake ukaburuzwa kwa miaka. Kama klabu ya mamilioni ya mashabiki inasumbuka hivyo, timu ya Ruangwa isiyo na matawi itapataje majibu?

Kwenye mlango wa uwanja hali ni ileile. Mechi inayojaza uwanja wa mikoani ni ya Simba au Yanga, na sehemu kubwa ya watu wanaoingia wamevaa rangi za mgeni. Mgeni njoo mwenyeji apone: viingilio vya siku ile hulisha timu kwa wiki nyingi. Namungo ilipoutumia Uwanja wa Ilulu, Lindi mjini, na kutoka sare ya 1-1 na Yanga Novemba 2021, watu wa pwani waliona faida ya kuletewa ligi nyumbani. Lakini mechi na timu isiyo na jina hubaki na viti vitupu. Anayetaka kuuliza kama mwenye mali analipa kama mgeni, mara mbili kwa msimu. Viongozi wanaiona tofauti hiyo, na inawapa ujasiri wa kunyamaza.

Somo lipo ghalani

Watu wa Lindi wanajua kuwawajibisha viongozi wa mali ya pamoja. Wanafanya hivyo kila msimu wa ufuta na korosho. Mkulima wa Kilwa, Lindi na Mtama yuko chini ya chama kikuu cha Lindi Mwambao. Wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale yuko chini ya Runali. Mazao yanapelekwa kwenye chama cha msingi, yanapimwa, yanapata stakabadhi ghalani, yanaingia mnadani. Bei inasomwa mbele ya wakulima, na ikiwa ndogo wanaikataa, mnada unarudiwa siku nyingine. Mzee asiyejua kusoma anajua makato ni shilingi ngapi kwa kilo na yanakwenda wapi, na akipunjwa anasimama mkutanoni kusema.

Mzee huyohuyo akiishangilia Namungo hajui makusanyo ya mlangoni yalikuwa kiasi gani, mgao wa haki za televisheni umefanyiwa nini, wala mshahara wa kocha unatoka mfuko gani. Na fedha zipo za kuhesabiwa. Mkataba wa Azam Media na TFF uliotiwa saini mwaka 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, na benki ya NBC imekuwa mdhamini mkuu wa ligi tangu mwaka huo. Kila timu ina fungu lake. Mfuko wa mlezi ulikuwa wake, hatukuwa na haki ya kuuhesabu. Fungu la ligi linatokana na watu kutazama.

Kuna atakayesema ushirika wenyewe umejaa wizi, na wanachama wa klabu kubwa wamewahi kuzirarua timu zao. Ni kweli. Viongozi wa vyama vya msingi wamekamatwa kwa fedha za wakulima, na mgogoro wa Yanga wa katikati ya miaka ya sabini ndio uliozaa Pan Africans. Wanachama hawaondoi ubaya. Wanachofanya ni kuuleta ubaya hadharani mapema, kwa sababu kuna kitabu, kuna mkutano, na kuna mtu mwenye haki ya kuomba kitabu kifunguliwe. Katika timu ya mlezi, tatizo hugundulika siku mishahara inapokwama.

Mambo ya kudai

La kwanza ni klabu itamke hadharani nani anaimiliki kwa karatasi. Ikiwa ni ya wanachama, daftari lionekane na mkutano mkuu uitishwe. Ikiwa ni kampuni, wenye hisa wajulikane. Leseni ya klabu isiweze kuuzwa wala kuhamishwa mkoa bila watu wa Lindi kusikilizwa; yaliyowakuta watu wa Mbarali yanatosha kuwa onyo.

La pili ni uanachama wa mkoa mzima, kwa ada ndogo, wenye wawakilishi kutoka Kilwa, Lindi, Mtama, Nachingwea na Liwale pamoja na Ruangwa. Sensa ya 2022 iliuhesabu mkoa huu kuwa na watu karibu milioni 1.2. Timu inayotegemea wilaya moja inajinyima wengi wao. Uanachama huo uende na mechi chache za Ilulu kila msimu, na mechi za maandalizi Kilwa Masoko, ili anayeombwa ada aione timu anayoilipia.

La tatu linahusu kocha mwenyewe. Mkataba wake useme wazi nani ana neno la mwisho kwenye usajili, na uongozi utoe malengo ya msimu kabla ya mechi ya kwanza: nafasi ipi, vijana wangapi wa mkoa wapandishwe. Hapo akifukuzwa, mashabiki watajua ni yeye aliyeshindwa au ni waliompa kazi. Vijana wenyewe wapo, kwenye Umisseta na kwenye mashindano ya mchangani ya Kivinje, Mchinga na Nachingwea, na ni rahisi kuwalipa kuliko mchezaji wa mkopo anayefika Januari na kuondoka Juni.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji tajiri mpya. Yanahitaji shabiki wa Kilwa na Lindi aache kuuliza kocha ataondoka lini, aanze kuuliza mkutano mkuu ni lini, na awe tayari kulipa ada ili swali lake liwe na uzito. Mkutano mmoja wa namna hiyo, ukifanyika kabla ya dirisha la usajili na mahesabu yakisomwa mbele ya watu, utaipa Namungo kitu ambacho makocha saba hawakukileta, kwa kuwa haikuwa kazi yao kukileta.